Nani Aulizwe, Nani Aarifiwe: Ngazi za Idhini katika Programu za Ugavi wa Dawa

Mwanafunzi wa bweni anayetaka ruhusa ya kwenda msibani huandika barua. Barua hiyo hupita kwa kiranja wa bweni, kisha kwa mwalimu wa bweni, kisha kwa mwalimu wa zamu, na mwisho humfikia mkuu wa shule. Kila mmoja hutia sahihi yake. Lakini tukichunguza kazi ya kila sahihi tutaona kwamba hazilingani. Kiranja anajua kama mwenzake amerudisha godoro na ndoo ya shule. Mwalimu wa bweni huenda ameipokea simu ya wazazi, hivyo anajua kama msiba ni wa kweli. Mkuu wa shule ndiye mwenye mamlaka ya kumwachilia mwanafunzi. Mwalimu wa zamu je? Yeye anahitaji kujua tu kwamba jioni, majina yatakapoitwa, mwanafunzi fulani hatakuwapo. Hahitaji kuulizwa, anahitaji kuarifiwa. Hata hivyo, siku hiyo akiwa ameteremka mjini, barua itamngoja mezani, na mazishi hayatangoja.

Makala haya yanahusu tofauti hiyo kati ya kuulizwa na kuarifiwa, si shuleni bali katika ugavi wa dawa, na hasa namna inavyopangwa ndani ya programu ya kompyuta. Mifano yetu mingi itatoka Mkoa wa Morogoro, kwa sababu Milima ya Uluguru humfundisha somo hili kwa ukali mtu yeyote anayejaribu kupeleka dawa huko wakati wa masika.

Kutoka sanduku hadi ombi

Mwaka 1984 Tanzania ilianza mpango wa dawa muhimu ambao ulizipelekea zahanati masanduku yaliyokwisha kufungwa, yenye dawa za aina ile ile kwa kiasi kile kile. Mpango wa namna hiyo hauhitaji ngazi ndefu za idhini, maana hakuna aliyeomba. Sanduku linakuja tu. Faida yake ilikuwa kwamba hata zahanati iliyosahauliwa na kila mtu ilifikiwa. Hasara yake ni kwamba sanduku halijui tofauti ya mahali na mahali. Zahanati ya Nyandira, juu kwenye baridi ya Mgeta, na zahanati ya bonde la Kilombero, penye mbu tele, hazina wagonjwa wa aina moja, lakini sanduku lao lilikuwa moja. Huku dawa zilibaki mpaka zikapitwa na muda, na kule zilikwisha kabla sanduku jingine halijafika.

Bohari ya Dawa iliundwa kwa Sheria Na. 13 ya mwaka 1993. Hatua kwa hatua nchi ikaliacha sanduku na kushika utaratibu wa kuomba. Mwaka 2005 mfumo unganishi wa ugavi ulijaribiwa katika mikoa ya Dodoma na Iringa, kisha ukaenezwa. Katika mfumo huo zahanati yenyewe huhesabu kilichomo kabatini, hueleza kilichotumika, na kuomba kinachohitajika kwa fomu moja ya taarifa na maombi.

Hapo ndipo swali letu lilipozaliwa. Mara zahanati inapoomba badala ya kupokea tu, lazima mtu aseme ndiyo, au hapana, au punguza. Ni nani huyo, na wako wangapi?

Katika miaka ya 2013 na 2014 fomu hiyo ilianza kuingia katika mfumo wa kielektroniki unaojulikana kwa kifupi kama eLMIS. Msingi wake ni programu huria ya OpenLMIS, na Tanzania iliujenga kwa kushirikiana na Zambia. Mwanzoni zahanati nyingi ziliendelea kujaza karatasi, na maofisa wa wilaya wakaingiza tarakimu katika kompyuta. Basi karatasi ilipanda gari au pikipiki hadi wilayani, na kuanzia hapo ombi likaenda kwa umeme. Msomaji aone kwamba kompyuta iliharakisha ile sehemu ya safari ambayo haina mlima.

Mti na vifundo vyake

Mtu anayeiandaa programu ya aina hii kwa mara ya kwanza hutakiwa kujenga mti uliopinduliwa: shina liko juu na matawi yanashuka. Kila mahali ambapo ombi husimama ili litazamwe, hapo pana kifundo. Chini ya kifundo huwekwa kikundi cha vituo, kwa mfano zahanati na vituo vya afya vyote vya halmashauri moja. Juu ya kifundo huweza kuwapo kifundo kingine, na juu yake kingine tena. Wataalamu wengine huita kifundo kwa jina la kigeni lililotoholewa. Mimi naona kifundo chatosha, maana kila aliyeshika muwa anajua maana yake.

Kisha watumishi hupewa haki. Haki hizi ndizo zinazowachanganya wanaoanza, kwa hiyo tuzieleze taratibu. Programu haimuulizi mtu cheo chake. Inamuuliza mambo matatu kwa pamoja: unaruhusiwa kufanya kitendo gani, kwa dawa za mpango upi, na katika kifundo kipi. Mfamasia wa halmashauri anaweza kuruhusiwa kuidhinisha maombi ya dawa za kawaida katika kifundo cha Mvomero, bila kuwa na haki yoyote juu ya maombi ya dawa za kifua kikuu, wala juu ya maombi ya Kilosa. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, mlango haufunguki.

Ombi lenyewe hupita katika hali kadhaa, na kila hali ina jina lake. Kwanza limeanzishwa: mhudumu anajaza tarakimu. Kisha limewasilishwa. Kisha limethibitishwa na mganga mfawidhi wa kituo, yaani yule anayeweza kusimama mbele ya kabati na kusema, "Ndivyo ilivyo." Baada ya hapo linaingia katika idhini, likipanda kifundo baada ya kifundo. Likikubaliwa katika kifundo cha mwisho linageuzwa kuwa agizo na kwenda bohari. Mwidhinishaji anaweza pia kulirudisha chini pamoja na maelezo, nalo huanza safari upya.

Kanuni moja haivunjwi: kwa mpango mmoja wa dawa, kituo hukaa katika kikundi kimoja tu. Kituo kikiwa nje ya vikundi vyote, ombi lake halina pa kupanda. Jambo hili si la kinadharia. Wilaya ya Gairo ilimegwa kutoka Kilosa mwaka 2012, na baadaye Malinyi ikamegwa kutoka Ulanga. Siku wilaya inapomegwa, vituo vyake havihami hata hatua moja, lakini katika mti lazima vikatwe tawi moja na kupandikizwa tawi jingine. Asiyefanya hivyo ataona maombi ya wilaya mpya yakiendelea kumfuata mfamasia wa wilaya ya zamani, ambaye hana tena fungu la fedha za kuyalipia.

Mlima hauonekani katika mti

Tuangalie sasa ramani. Milima ya Uluguru husimama kusini mwa mji wa Morogoro kama ukuta, na vilele vyake hupita mita 2,600. Upande wa magharibi ni Mgeta, pamoja na Nyandira, Tchenzema na Bunduki, katika Wilaya ya Mvomero. Upande wa mashariki, unaopata mvua nyingi zaidi, ni Kinole, Mkuyuni, Matombo na Kolero, katika Wilaya ya Morogoro. Kijiji cha upande mmoja na cha upande wa pili huweza kuwa karibu sana kwa rula, lakini gari lazima lizunguke mlima mzima.

Mwanafunzi aliyeambiwa apange vifundo akiwa na rula tu angeviweka vijiji hivyo pamoja. Angekosea, kwa sababu idhini haifuati rula; inafuata mamlaka na fedha, na mpaka wa mamlaka hapa hupita mgongoni mwa mlima. Lakini asije akadhani kwamba gari la dawa nalo hufuata mamlaka. Gari hufuata barabara. Kwa hiyo tunahitaji miti miwili: mti wa idhini, unaoonyesha nani anasema ndiyo, na mti wa ugavi, unaoonyesha bohari ipi inamhudumia nani. OpenLMIS huiweka miti hiyo mbalimbali, na nadhani huo ndio uamuzi bora kuliko yote waliyofanya waliobuni programu hiyo. Anayelazimisha miti hiyo iwe mmoja huishia kuomba sahihi mahali ambapo gari hupumzika.

Morogoro imewahi kulitafakari jambo hili kabla ya kompyuta. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya pamoja na shirika la utafiti wa maendeleo la Canada waliendesha mradi katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Mojawapo ya mambo waliyojaribu lilikuwa kuvipa vituo vikubwa wajibu wa kusimamia zahanati za jirani, badala ya kila zahanati kusimamiwa moja kwa moja kutoka makao makuu ya wilaya. Hoja yake ni rahisi: aliye karibu huona zaidi. Basi ngazi iliongezwa, lakini iliongezwa chini, mahali penye macho, wala si juu, mahali penye muhuri.

Hesabu ya sahihi

Sasa tuingie katika hesabu, maana hapa ndipo mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne anapoweza kuwashinda wakubwa.

Tuseme kila mwidhinishaji yupo mezani kwake kwa wakati siku tisa katika kila kumi, na kwamba kutokuwapo kwa mmoja hakuhusiani na kutokuwapo kwa mwingine. Ombi lenye sahihi moja litapita bila kuchelewa mara 90 katika 100. Lenye sahihi nne litapita bila kuchelewa mara 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9, yaani takriban mara 66 katika 100. Lenye sahihi sita halifiki mara 54. Hakuna mtu mvivu katika mfano huu. Wote ni wachapa kazi, na bado karibu nusu ya maombi yanachelewa.

Lakini sahihi hukamata makosa, atasema msomaji. Ni kweli. Tuseme katika fomu 100 zipo 16 zenye kosa kubwa, na kila mwidhinishaji hukamata nusu ya makosa yanayomfikia. Wa kwanza atakamata 8, wa pili 4, wa tatu 2, na wa nne 1. Wakati huo huo kila mmoja, akikaa na fomu siku tatu, anazichelewesha fomu zote 100 kwa siku hizo tatu. Kwa hiyo mwidhinishaji wa nne amezigharimu zahanati siku 300 za kungoja ili kukamata kosa moja. Tena mfano huu unampendelea, maana umechukulia kwamba anasoma fomu kana kwamba hakuna aliyeisoma kabla yake. Ukweli ni kwamba mtu akiona sahihi tatu juu ya karatasi, mkono wake hutia ya nne bila jicho kushuka chini.

Siku hizo hulipwa kwa dawa. Zahanati inayotumia dozi nne za dawa mseto ya malaria kwa siku, na inayongoja siku 12 kwa sababu ya sahihi nne, lazima iweke dozi 48 zaidi kabatini ili isikaukiwe wakati wa kungoja. Wilaya yenye zahanati 60 za namna hiyo italaza dozi 2,880. Dozi hizo hazimtibu mtu. Kazi yake ni kuzisubiri sahihi. Na ikiwa zahanati haina dozi za kulaza, basi anayengoja si kabati tena bali ni mtoto mwenye homa, na mtoto wa malaria hana siku 12.

Je, tufute idhini zote? Hasha. Iko kazi ambayo mwidhinishaji mmoja mwenye macho huifanya na ambayo haina mbadala. Kompyuta inaweza kukagua hesabu. Tuseme zahanati imetoa dozi 80 katika siku 60, lakini kabati lilikuwa tupu kwa siku 20. Mhudumu asiyeangalia ataandika kwamba mahitaji yake ni dozi 80. Kumbe dozi 80 zilitoka katika siku 40 tu, yaani mbili kwa siku, na mahitaji ya kweli ni 120. Hesabu hiyo programu huifanya yenyewe, mradi siku za ukosefu zimeandikwa. Kumwekea binadamu ngazi ili arudie kujumlisha ni kumdharau. Asichokijua kompyuta ni kwamba daraja limechukuliwa na maji, au kwamba wachimbaji wa madini wamehamia bondeni wiki iliyopita, au kwamba kituo cha jirani kimefungwa na wagonjwa wake wote watakuja hapa. Huyo anayejua hayo ndiye wa kuulizwa. Wengine waarifiwe.

Wiki 21 za Ulanga

Kuhusu nguvu ya kuarifu peke yake tunao ushahidi kutoka mkoa huu huu. Mwaka 2009 ulianza mradi wa majaribio katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini, na Ulanga ya Morogoro. Ulihusisha vituo 129. Kila wiki wahudumu walituma kwa simu ya mkononi ujumbe mfupi wenye kiasi cha dawa za malaria kilichopo, na wasimamizi wa wilaya waliweza kuona mara moja nani amekaukiwa na nani ana ziada. Hakuna ngazi mpya ya idhini iliyowekwa. Baada ya wiki 21, vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilishuka Ulanga kutoka asilimia 87 hadi 30, Kigoma Vijijini kutoka 93 hadi 47, na Lindi Vijijini kutoka 57 hadi 0.

Tofauti kati ya wilaya hizo inastahili kuzungumzwa darasani. Taarifa humwezesha msimamizi kuhamisha ziada ya kituo kimoja kwenda kingine. Haiumbi dawa ambayo wilaya nzima haina. Walakini tujiulize, kama ujumbe huo ungelazimika kupata sahihi mbili kabla ya kuonekana wilayani, je, wiki 21 zingetosha kuleta badiliko hilo?

Fedha na mshitiri

Mambo mawili ya miaka ya karibuni yamegusa mti wetu. La kwanza ni kwamba tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo. Mwenye fedha anapobadilika, sababu ya kifundo cha juu nayo hubadilika: halmashauri haimlindi tena mlipaji, bali inasimamia utaratibu. Mti uliochorwa kabla ya hapo unastahili kutazamwa upya, na mahali pengine bado haujatazamwa.

La pili ni utaratibu wa mshitiri, uitwao Jazia. Ulianza Dodoma mwaka 2014, ukaingia Morogoro na Shinyanga mwaka 2016, na mwaka 2018 ukaenea nchini. Kituo huomba kwanza Bohari ya Dawa. Kinachokosekana huko hununuliwa kwa msambazaji binafsi mmoja aliyeteuliwa kwa mkoa, kupitia halmashauri. Hapa idhini ya halmashauri ina sababu ya dhahiri: maombi madogo ya vituo vingi hukusanywa yakawa agizo moja kubwa, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na zahanati iliyo peke yake mlimani. Hiki ni kifundo chenye kazi.

Sahihi isiyo na mwenyewe

Nimebakiza jambo linalonisumbua kuliko yote. Mti ukiwa mrefu mno, watu hawaukati, wanauzunguka. Mwidhinishaji anayesafiri kwa semina humwachia karani nywila yake. Karani mwema, anayewahurumia wagonjwa, huingia kwa jina la bosi wake na kuidhinisha maombi 40 katika nusu saa. Dawa zinafika, na kila mtu anashukuru. Lakini kumbukumbu ya programu sasa inasema uongo: inaonyesha sahihi nne za watu wanne, na ukweli ni kwamba aliyeona ni mmoja, au hakuna. Siku dawa zitakapopotea, mkaguzi atafungua kumbukumbu hiyo na kumkuta mtu ambaye siku hiyo alikuwa ukumbini mkoa mwingine.

Hivyo mti mrefu, ambao ulijengwa ili kuzuia wizi, huweza kumpa mwizi maficho. Ni heri sahihi mbili za kweli kuliko tano za heshima. Naziita sahihi za heshima zile ambazo huwekwa katika mti kwa sababu mkubwa fulani angechukia kuachwa. Mkubwa huyo apewe haki ya kutazama, apelekewe taarifa kila wiki, jina lake liandikwe kwa herufi kubwa, lakini ombi lisisimame mlangoni kwake.

Mwandaaji wa mfumo anaweza kuchukua tahadhari nyingine kadhaa. Kila kifundo kiwe na mtu wa pili mwenye haki yake mwenyewe na nywila yake mwenyewe, ili likizo ya mmoja isifunge wilaya. Aliyethibitisha ombi asiwe ndiye anayeliidhinisha. Mtumishi anapohamishwa, haki zake zifutwe siku ile ile anayokabidhi ofisi, na kabla hazijafutwa mrithi wake awe ameandikishwa. La sivyo kifundo hubaki bila mtu na maombi hurundikana chini yake kimya kimya, bila kosa lolote kuonekana katika kioo cha kompyuta. Maombi ya dharura yawe na mti wao mfupi. Kuhusu kanuni ya kwamba ombi lisilojibiwa kwa siku kadhaa lipande lenyewe, naikubali kwa dawa za kawaida na kuikataa kabisa kwa dawa za udhibiti maalumu kama mofini, ambazo mgonjwa huzihitaji kwa hakika lakini mitaani zina wateja wengine.

Mazoezi

1. Zahanati ilianza kipindi cha siku 60 ikiwa na dozi 50. Ilipokea dozi 90, dozi 4 zikaharibika, na mwishoni zikabaki 16. Kabati lilikuwa tupu kwa siku 20. Tafuta mahitaji yake ya kweli kwa siku 60.

2. Ikiwa kila mwidhinishaji yupo mezani kwa wakati siku nane katika kila kumi, ni sahihi ngapi zitatosha kufanya zaidi ya nusu ya maombi yachelewe?

3. Ulizia maabara ya shule yako hupataje kemikali. Chora mti wa idhini kuanzia mwalimu wa somo hadi duka linalouza. Kwa kila kifundo andika jambo moja ambalo mtu wa hapo analijua na wa chini yake halijui. Kifundo ambacho umeshindwa kukiandikia kitu, kionyeshe mwalimu wako.